Sikio la Mbuzi Kwenye Mirihi

Dakika nane tu ziliwashinda watu.

Hilo ndilo jambo ambalo Ezelina Tweve hakuweza kuwasamehe majirani zake wa Njombe, wala walimwengu wengine wote. Mwezi ule wa Julai sauti ikitoka duniani ilichukua dakika nne kufika Mirihi, na jibu likachukua dakika nne kurudi. Kwa baridi ya Njombe hata sufuria ya chai haichemki kwa dakika nane. Lakini watu walinung'unika, wakasema hawawezi kukaa wameshika kipaza sauti kama wanaosubiri zamu ya mashine ya kusaga, mpaka Shirika la Makazi likawaletea Papo.

Papo kilikuwa kiboksi cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche. Ukikiambia "Hujambo, mwanangu?" kilikujibu palepale, kwa sauti ya mwanao, kwa kicheko chake, hata kwa ile tabia yake ya kusafisha koo kabla ya kusema. Shirika lilikuwa limekusanya maneno ya kila mtu kabla hajapanda chombo, na mashine ikajifunza angejibu nini. Mara moja kwa siku ilimpelekea mtu mwenyewe kule juu muhtasari wa mazungumzo, naye akarekebisha alichotaka. Ndivyo Shirika lilivyosema, na watu wakaridhika, maana aliyekwisha kulambishwa asali haulizi nyuki wako wapi.

"Kasuku," alisema Ezelina siku ya kwanza alipokisikia. "Tena kasuku ana heri. Kasuku anakunya, unajua yupo."

Alikuwa na miaka sitini na tisa, mwembamba, na kwa miaka thelathini na minne alikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari ya wasichana, akiosha vyombo vya walimu waliojua kidogo kuliko yeye. Nyuma ya nyumba yake, kati ya tuta la kabichi na banda la kuku, alikuwa na darubini: kipande cha bomba la plastiki la maji, na ndani yake kioo cha upana wa shubiri moja. Kioo hicho alikisugua kwa mkono miezi mitatu, pamoja na mwanafunzi mmoja mbishi aliyeitwa Imelda Mgaya. Sasa Imelda alikuwa fundi wa mitambo ya hewa kwenye makazi ya Mirihi, mmoja wa watu mia mbili na kumi. Stendi ya darubini ilichongwa na baba wa Imelda, Nolasko, seremala, mjane, jirani wa ua mmoja na Ezelina.

Nolasko alikuwa na Papo. Ezelina hakuwa nacho. Imelda alimwandikia barua, mistari minne mitano kwa mwezi, na Ezelina alizingoja.

*

Alhamisi asubuhi alimkuta Nolasko sebuleni na mgeni. Kiboksi kilikuwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, kile kile ambacho marehemu mke wa Nolasko alikuwa akifunikia redio.

"Kamwene, jirani," alisema Nolasko, akainuka kumpisha kwenye kiti kilicho karibu na jiko la mkaa. Alifanya hivyo kila siku, na kila siku Ezelina aliketi bila kusema asante.

Mgeni alikuwa kijana wa suti, Lazaro Kyando, afisa wa Shirika aliyewashughulikia ndugu wa walioko Mirihi. Viatu vyake vilikuwa safi kabisa. Ezelina alivitazama kwanza kabla ya kumtazama usoni. Mtu anayefika Njombe bila tope jekundu kwenye viatu, aliwaza, amebebwa njia nzima.

"Shikamoo, bibi! Ndiye wewe Mama Darubini? Umekuwa maarufu, unajua?"

Akamwonyesha Jarida la Ndugu. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya Mirihi aliyoipiga Ezelina, duara la rangi ya chungwa lenye kofia nyeupe upande mmoja na doa jeusi katikati, lililochongoka kama kabari. Doa hilo Imelda alilipa jina akiwa kidato cha pili, siku ya kwanza alipoliona: Sikio la Mbuzi. Chini ya picha paliandikwa: "Hata mzee wetu wa Njombe, kwa darubini yake ya bomba la maji, anathibitisha: Mirihi ni shwari."

"Mmeandika 'bomba la maji' ili watu wacheke," alisema Ezelina.

"Ni mapenzi tu, bibi."

"Mapenzi ya kumchekea mtu nayajua. Nimefanya kazi na walimu."

Hata hivyo maandishi yale aliyasoma mara mbili. Kamera zote za siku zile zilikuwa zikisahihisha. Ukiipiga picha ya mwezi, kamera ilijua mwezi ukoje, ikakupa mwezi. Hata ukipiga kupitia kitako cha chupa, inakupa mwezi. Darubini kubwa zote zilikuwa za Shirika, na mwenye simu mfukoni hakuona haja ya kuinua shingo. Ezelina peke yake, kwa jinsi alivyojua, alikuwa na kamera kuukuu isiyojua kitu. Aliinunua mnadani kwa sababu hiyo. Watu wote wanatazama picha za kupikwa, alipenda kusema, mimi natazama Mirihi.

Kyando akatoa fomu. "Baba Imelda, imebaki sahihi yako tu. Ndugu mia mbili na tisa wameshaweka."

Ezelina aliijua habari ya fomu. Juu ya makazi kulikuwa na chombo cha akiba, kinazunguka bila mtu ndani, kikingoja kuwarudisha watu siku wakipatwa na jambo. Shirika lilitaka kukiondoa Jumamosi, kikabebe madini. Sheria ilidai kila aliye kule awe na ndugu mmoja duniani anayekubali kwa sahihi yake kwamba mtu wake yuko salama. Mmoja akikataa, chombo hakitikisiki mpaka azungumze na mtu wake mwenyewe, moja kwa moja, bila Papo.

"Weka tu, Baba," kiboksi kikasema kwa sauti ya Imelda, kikasafisha koo. "Chombo chenyewe kinatuzibia anga bure. Leo jua limewaka hapa, naona mlima mpaka kileleni. Shikamoo, Mama Maabara!"

Ezelina alikunywa chai yake. Hakuwa na mazoea ya kusalimiana na sabuni.

"Nitaweka kesho, kijana wangu," Nolasko akamwambia Kyando. "Mbao mtu huipima mara mbili. Njoo kesho saa mbili asubuhi."

Kyando alicheka kidogo kama mtu anayemchekea mtoto, akaaga. Alipoondoka, Nolasko alipangusa kiboksi vumbi la mbao kwa pembe ya kitambaa.

"Ungeitikia tu, jirani. Ni adabu."

"Nimwitikie nani?"

"Barua yake ya mwisho ilikuja lini?"

"Ina siku ishirini na tano. 'Upepo umeanza. Nimechoka. Mwambie baba apunguze chumvi.'"

"Mimi ananiambia kila siku hajachoka."

"Ndiyo maana namwita kasuku. Imelda gani huyo asiyechoka? Imelda gani asiyekutukana chumvi? Wewe umezaa mbishi, Shirika limekurudishia malaika, na wewe umepokea kwa mikono miwili!"

Nolasko hakukasirika. Miaka miwili nyuma, Imelda alipoondoka, mzee huyu alikuwa amelala kitandani wiki sita akikataa uji. Kiboksi ndicho kilichomwinua. Ezelina alilijua hilo, kwa kuwa uji ule ulioachwa alikuwa ameupika yeye.

"Kiboksi naweza kukitilia shaka," Nolasko alisema polepole. "Sina akili ya mitambo, lakini si mjinga. Ila nikiwa na shaka naangalia picha zako pale ukutani kwako. Kama Sikio lipo, basi anga ni safi, na kama anga ni safi, sola zao zinafanya kazi. Si ndivyo ulivyonifundisha? Basi nalala. Kiboksi naweza kukitilia shaka, jirani. Wewe siwezi."

*

Ijumaa, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kulikuwa na sakitu, ule umande ulioganda kuwa barafu, juu ya kabichi. Kwenye nguzo ya ua kulikuwa na chupa ya chai, kama kila alfajiri kwa miezi mitatu sasa, na kipande cha gunia kimeifunga isipoe. Nolasko hakuwahi kusema ni yeye anayeiweka. Ezelina aliiteremsha, akaketi kwenye kigoda, ambacho nacho mwezi uliopita kilikuwa kimeota mto wa pamba usiku mmoja bila maelezo.

Mirihi ilikuwa upande wa magharibi, juu ya mikaratusi, nyekundu na kubwa. Aliweka jicho.

Aliona mpira mtupu. Hakuna Sikio. Kofia nyeupe yenyewe ilikuwa kama alama ya kidole kwenye kioo kichafu. Alingoja hewa itulie, maana hewa huchemka mbele ya darubini kama juu ya kikaango, na mwenye subira hupewa nukta moja moja za utulivu. Nukta zikaja, zikapita. Mpira mtupu.

"Mtoto wa jicho," alijiambia kwa uchungu, kama alivyojiambia alfajiri zote tangu ukungu wa wiki mbili uondoke Njombe. Uzee ulimchukiza kuliko Shirika. Akalitoa jicho, akaweka kamera.

Kazi ya kupiga picha ya sayari si kazi ya kubonyeza mara moja. Unachukua video ya dakika mbili, ndani yake kuna vipande vya picha elfu nyingi, karibu vyote vibovu kwa sababu ya hewa. Kisha programu kwenye kompyuta inavichambua kama mtu achambuaye mchele, inatupa vibovu, na vile vichache vizuri inavirundika kimoja juu ya kingine mpaka sura ijitokeze. Ezelina aliifanya kazi hiyo jikoni, vidole vimekufa ganzi, akingoja rundo likamilike.

Sura ikajitokeza. Kofia nyeupe. Sikio la Mbuzi, katikati, safi.

"Jicho limekufa, kamera inaishi," alisema, akaichapa picha, akaipeleka ukutani kuibandika pembeni ya zile tisa.

Alikuwa na pini mdomoni alipoziona zote kwa pamoja.

Alisimama hapo mpaka mguu ukamwuma. Siku ya Mirihi inaizidi ya dunia kwa kama dakika arobaini. Ukiitazama saa ileile kila alfajiri, doa lililokuwa katikati jana, leo limebaki nyuma kidogo. Kesho litabaki nyuma zaidi, na kwa siku ya tisa limefika ukingoni. Mtoto wa kidato cha pili anajua. Yeye ndiye aliyewafundisha, kwa chungwa na kijiti.

Picha kumi. Sikio katikati. Sikio katikati. Sikio katikati, mara kumi, kama muhuri.

Aliirudia kompyuta akiwa bado na pini mdomoni. Ikamchukua robo saa kukipata: kisanduku kidogo chenye alama ya ndiyo. "Tumia picha ya mfano kupanga vipande?" Akakumbuka. Alfajiri ya kwanza baada ya ukungu, kwenye baridi kali, programu iliuliza naye akabonyeza ndiyo ili ifanye haraka. Na picha ya mfano ilitoka kwenye maktaba ya bure ya Shirika. Tangu siku hiyo programu ilikuwa ikitupa kila kipande kisichofanana na mfano, na kwenye vilivyobaki ikichora ilichotarajia kukiona.

Aliondoa alama, akarundika upya video zote kumi. Moja baada ya nyingine zikatoka zinafanana na kiini cha yai la kuchemsha. Hakuna Sikio, hakuna kitu. Vumbi, kutoka ncha moja ya Mirihi hadi nyingine, siku kumi nzima na labda zaidi. Na chini ya vumbi hilo giza, na sola zilizolala, na watu mia mbili na kumi wanapumua kwa betri.

Jicho lake halikuwa na ugonjwa wowote. Jicho lilikuwa limesema kweli alfajiri kumi mfululizo, naye akaliita kipofu kwa sababu kamera ilisema vinginevyo. Ezelina Tweve, asiyesalimiana na sabuni! Alikuwa amewacheka watu wa dakika nane, kumbe yeye mwenyewe alikuwa ameshindwa kungoja rundo limalizike kwa njia yake. Na kasuku wake alikuwa mbaya kuliko wa Nolasko. Wa Nolasko alitandikiwa kitambaa mezani, wake alibandikwa ukutani na kuitwa ushahidi.

Akaketi. Hapo ndipo wazo baya lilipokuja, limevaa nguo za huruma. Nyamaza, likasema. Mzee amelala usingizi kwa sababu yako. Ukimwondolea kiboksi atarudi kitandani, na safari hii hatainuka. Hujui kwa hakika kama kule wanateseka. Betri huenda zinatosha. Na jarida zima limeandika jina lako. Utasimama mbele ya yule mvulana wa viatu safi umwambie kwamba Mama Darubini alidanganywa na kisanduku?

Aliimimina chai ya Nolasko kwenye kifuniko cha chupa. Bado ilikuwa ya moto. Mtu aliamka saa kumi kwenye sakitu kuichemsha, siku tisini mfululizo, kwa mwanamke asiyesema asante. Wazo lile likaonekana kama lilivyokuwa: halikuwa huruma hata kidogo, lilikuwa aibu yake mwenyewe inatafuta pa kujificha.

Akaiacha chai, akatoka.

*

"Jirani! Nolasko! Amka uje, inazama!"

Nolasko alitoka na blanketi begani, penseli ya useremala tayari iko nyuma ya sikio, kana kwamba hulala nayo.

"Nini kinazama?"

"Mirihi. Usiweke sahihi. Picha zangu ni za uongo."

Alimweleza haraka, pale uani, kwa maneno machache, bila kujipunguzia. Nolasko alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza uso wake ulizidi kukunjamana.

"Jana ulikuwa kweli," alisema, "leo umekuwa uongo. Na kesho?"

"Nimekosa. Nakwambia nimekosa."

"Miaka miwili umekisema kiboksi changu. Kasuku, sabuni, malaika. Nikanyamaza. Nikasema, jirani ana wivu, hana wa kuzungumza naye, mwache. Sasa unakuja kunitoa kitandani uniambie mwanangu yuko gizani, kwa sababu wewe hukujua kubonyeza kompyuta?" Akamnyooshea kidole. "Nani kasuku hapa, Ezelina?"

"Mimi," alisema Ezelina.

Jibu hilo lilimshangaza Nolasko. Hakuwa amelizoea.

"Usiniamini," Ezelina akaendelea. "Wala picha usiziamini. Njoo uangalie kwa jicho lako, na mimi sitasema neno. Una jicho linaloona mbao iliyopinda unywele mmoja. Angalia, kisha uamue. Ila harakaharaka, dakika kumi zijazo itakuwa nyuma ya miti."

Nolasko akaenda. Aliinama, akafumba jicho la kushoto. Ezelina alisimama kando na kuubana mdomo wake kwa mkono, kwa sababu kila sehemu ya mwili wake ilitaka kumwambia aone nini.

"Inatetemeka," alisema Nolasko.

Ezelina aliubana mdomo zaidi.

"Imetulia. Imetetemeka tena." Jogoo aliwika bandani. "Imetulia."

Bila kutoa jicho, mzee alichomoa penseli, akapapasa ubao wa stendi aliouchonga mwenyewe, akachora duara. Ndani ya duara hakuchora kitu. Kisha akainuka, akasogeza blanketi, na kidole chake kikateremka kwenye mguu wa stendi mpaka kwenye duara jingine, dogo, lililofifia. Alilichora mwezi Mei, usiku ule Ezelina alipomwonyesha Mirihi kwa mara ya kwanza. Ndani yake kulikuwa na kabari nyeusi, imechorwa kwa mkono wa seremala, kingo zake zimenyooka.

Aliitazama michoro miwili, mmoja, kisha mwingine.

"Mkono huu ni wangu," alisema.

"Ni wako."

"Na juzi aliniambia jua limewaka." Akairudisha penseli nyuma ya sikio. "Na jana."

Mirihi ikaingia nyuma ya mkaratusi na kupotea.

*

Kyando alifika saa mbili kamili, viatu bado safi. Alisikiliza kisa chote akiwa amesimama, akitabasamu.

"Bibi, niruhusu nikuelewe. Jarida zima lilikusifu. Leo unasema hukuwa unajua kutumia programu yako. Na kwa ushahidi wa mtu asiyejua programu, nizuie chombo cha matani elfu?"

"Ndiyo," alisema Ezelina. "Na uandike kwenye jarida lako, kwa herufi zilezile: Ezelina Tweve alikosea. Hii hapa picha yenyewe." Akamwekea mezani kile kiini cha yai.

"Hii ni ukungu wa Njombe."

"Ukungu wa Njombe nina miaka sitini na tisa nao, kijana. Unalowesha."

Kyando akamgeukia Nolasko, sauti ikawa laini. "Baba, mwulize Imelda mwenyewe. Yupo hapa."

Nolasko aliketi mbele ya kiboksi, mikono juu ya magoti.

"Mwanangu, kukoje huko leo?"

"Shwari, Baba!" Kiboksi kikasafisha koo. "Jua limewaka, naona mlima mpaka kileleni. Umekunywa chai? Weka sahihi basi, mwache Bwana Kyando wa watu aende zake."

"Chai niliitia chumvi kwa bahati mbaya," alisema Nolasko. "Nyingi."

"Haidhuru, Baba. Chochote upikacho wewe ni kitamu."

Nolasko alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa amezeeka, lakini aliisukuma fomu ikavuka meza.

"Siweki. Nifungulie njia ya moja kwa moja. Sheria inasema."

"Unajua ni kungoja dakika nane nzima, Baba? Na kama mawimbi ni mabaya…"

"Fungua."

Tabasamu la Kyando lilikwisha. Alitoa kifaa chake, akabonyeza kwa hasira, akakisukuma mezani. Taa ya kijani ikawaka. Nolasko aliinamia kipaza sauti kama mtu anayenong'oneza kwenye tundu la kitasa.

"Imelda. Ni baba. Sitaki muhtasari. Nimeangalia kwa darubini ya mwalimu wako, sijaliona Sikio. Nina fomu ya kuachia chombo, wenzangu mia mbili na tisa wameshaweka sahihi, mimi sijaweka. Niambie mwenyewe."

Akanyoosha mgongo. Saa ya ukutani ikasikika.

"Niko hapa, Baba," kiboksi kikasema kwa upole. "Kwa nini unangoja? Niko hapahapa."

Ezelina alitarajia mzee atakirusha nje. Badala yake Nolasko alikishika kwa mikono miwili.

"Sijui wewe ni nani," alikiambia. "Lakini ulininywesha uji nilipokataa kula. Asante kwa hilo. Sasa nyamaza kidogo." Akakizima, akakirudisha juu ya kitambaa, akakunja pembe za kitambaa juu yake. Ezelina aliutazama mkono huo, akaona haya kwa kila neno la sabuni alilowahi kusema.

Dakika ya pili. Kyando aliangalia saa yake. Dakika ya tatu akasimama, akaketi. Dakika ya tano akasema, "Mnaona?" Nolasko alichochea jiko, akabandika sufuria. Dakika ya saba maji yakaanza kuimba. Ya nane ikapita. Ya tisa ikapita.

"Basi," alisema Kyando, akinyoosha mkono kwenye kifaa. "Nimeheshimu sheria."

Kifaa kikakwaruza.

Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, imekauka, na kabla ya kusema ilikohoa kikohozi kirefu ambacho hakuna mashine ingekipenda.

"Baba? Siku ishirini na mbili!" Ikakohoa tena. "Tuko gizani siku ishirini na mbili, tunalala watu sita kwenye chumba kimoja tubane joto, antena tunawashiwa nukta mbili kwa siku, isipokuwa sheria ikiidai kama sasa, na huko mliko hakuna hata mtu mmoja aliyeinua shingo? Mia mbili na tisa wameweka sahihi, wamefurahi! Mlikuwa mnaangalia nini? Na Mama Maabara naye, na darubini yake yote, alikuwa anaangalia nini? Kabichi? Chombo kisiondoke. Umesikia? Kisiondoke. Na kama bado unatia chumvi ile, utakufa kabla sijarudi."

Taa ya kijani iliendelea kuwaka.

Nolasko alikuwa ameweka kiganja juu ya kifaa. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu, na alikuwa anacheka, anacheka kwa mwili mzima kama mtu aliyeteremshiwa gunia.

"Huyo ndiye," alisema. "Mmesikia anavyonitukana? Huyo ndiye mwanangu!"

Kyando alikuwa ameketi, fomu mapajani, uso umepauka. Baada ya muda aliitoa simu yake, na kwa sauti ndogo, bila ubibi wala ubaba, akamwambia mtu fulani asimamishe chombo. Ezelina alimsogezea kikombe cha chai. Alikuwa bado anamdharau, lakini mvulana alikuwa anatetemeka, na chai ilikuwapo.

Kisha akavuta kiti mpaka kwenye kipaza sauti.

"Imelda," alisema. "Ni mimi. Nilitumia picha ya mfano kupanga vipande. Sikio lilikaa katikati siku kumi, nisilione." Alimtazama Nolasko aliyekuwa anammiminia chai. "Asante," alimwambia, kwa mara ya kwanza, kwa siku zote tisini.

Akakifunika kikombe kwa viganja vyake, akaketi kungoja dakika nane atukanwe.